Ajuza Atafutiwa Dereva

Saa moja asubuhi, na Koplo tayari yuko chini ya gari. Kinachoonekana ni miguu yake tu: wa kulia umekunjwa, wa kushoto umenyooka tuli kama hauhusiki na kazi hiyo. Sauti yake inatoka huko chini ikiagiza spana. Mkewe, aliyeketi kwenye kigoda mlangoni mwa gereji akichambua mchele, anainuka bila haraka, anachagua moja kwenye boksi na kumsogezea kwa ncha ya ndara.

"Si hii, mama. Nimesema kumi na tatu."

"Hiyo ni kumi na tatu. Macho yako ndiyo kumi na nne."

Spana inasikika ikikaza nati, na mkewe anarudi kwenye mchele wake na tabasamu la mshindi.

Leo anakuja mnunuzi, wa nane tangu mvua zilipokatika. Kinachouzwa ni gari la kijeshi la zamani, la aina ile isiyo na milango, ambayo kioo cha mbele hulazwa juu ya boneti na tairi la akiba hubebwa ubavuni. Majirani huliita Ajuza, ingawa kwa sura yake ya sasa jina hilo ni uonevu. Rangi yake ya mchanga inang'aa kiasi kwamba wapita njia husimama kukagua meno yao kwenye madigadi. Ndani, skrubu zote za dashibodi zimeelekezwa upande mmoja.

"Lilipokuja hapa kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva," anasema mkewe. "Alilikuta nyuma ya tanuri la matofali. Akaniambia amepata gari. Nikatoka kulitazama, nikamuuliza, liko wapi?"

Koplo anajivuta kutoka uvunguni, anafuta mikono kwa kitambaa ambacho nacho kinahitaji kufutwa, na anasalimia. Ana miaka sabini na moja. Sare aliivua zamani, lakini cheo kimegoma kumtoka. Hata wajukuu humwita Babu Koplo. Katika utumishi wake wote hakuwahi kupewa kazi nyingine isipokuwa kuendesha gari kama hili. Alibeba barua, unga, mishahara, na safari moja alibeba nyuki wa mkuu wa kikosi, safari ambayo hapendi kuulizwa.

"Gari langu lenyewe sijui lilifia wapi," anasema. "Hili si lile. Watu wanapenda niseme ndilo, hadithi ionekane tamu. Hili ni ndugu yake tu. Lakini siku nilipolifuta vumbi nikashika usukani, nilisikia harufu ya turubai lililolowa na petroli, nikawa kijana. Nilikaa pale na kuku wangu, nikalia."

Turubai lina historia yake. Ndilo lililowakutanisha. Wakati huo mkewe alikuwa fundi cherehani karibu na kambi, mmoja kati ya wachache waliokuwa na mashine ya kushona kitambaa kizito, na dereva mmoja kijana alikuwa akimletea turubai la gari lake lishonwe. Likishonwa leo, wiki ijayo limechanika tena.

"Nikaanza kushangaa, hili gari linapita kwenye miiba gani?" anasema mama huyo. "Halafu nikaangalia vizuri. Miiba haichani kwa mstari ulionyooka. Mtu alikuwa anatumia wembe."

"Barabara zilikuwa mbaya," anasema Koplo, akitazama pembeni.

Turubai la Ajuza nalo amelishona yeye, kwa mashine ileile, katika miaka tisa ambayo mumewe alitumia kulifufua gari. Miaka hiyo walikula, kwa maneno yake, wali na vumbi la msasa. Bodi ilinyooshwa kwa mkono. Kabureta ilitoka kwenye pampu ya maji iliyokufa. Rangi ilipakwa kwa brashi, ikasuguliwa, ikapakwa tena mpaka Koplo aliporidhika, na Koplo si mtu wa kuridhika upesi.

Kwa nini basi auze? Jibu liko kwenye goti la kushoto. Gia za magari haya haziingii kwa kukanyaga klachi mara moja. Unakanyaga, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Barabara yenye kona nyingi ni sawa na kupanda ngazi kwa mguu mmoja. Tangu mwaka jana goti limekataa, na Ajuza hajavuka geti.

"Gari lisilotembea linakufa limesimama," anasema. Sasa hatanii. "Mipira inakauka, breki zinashika, mafuta yanaganda. Mimi nililitoa kwenye kifo kimoja. Siwezi kulikalisha hapa lisubiri cha pili huku nimelifunika shuka safi."

Kwa hiyo ameweka sharti moja tu: anayelinunua aliendeshe. Hapo ndipo pagumu. Meneja wa hoteli alilitaka alipandishe juu ya jukwaa la saruji bustanini, apande maua kwenye boneti. Bei aliyoitaja meneja huyo, Koplo hataki kuisikia, lakini mkewe huikumbusha kila sukari inapoisha. Mpiga picha za harusi alilitaka maharusi wakae juu yake. Mfanyabiashara mmoja alilitaka sebuleni. Sebuleni! Wote walitoka na chai tumboni na mikono mitupu.

"Nilimuuliza, unauza gari au unaozesha binti?" anasema mkewe. Kisha anashusha sauti, ingawa mumewe yuko hatua chache tu. "Kosa ni lake mwenyewe. Amelipamba mno. Ametengeneza kitu kizuri mpaka watu wanaogopa kukigusa. Nilimwambia koti la mwisho la rangi si la lazima. Akanijibu, jeshini hatukuwa tunafanya kazi nusu."

Pikapu inasikika nje. Inapita geti, inasimama, kisha inaingia kinyumenyume na kutulia ikiwa imeelekea barabarani. Koplo anaacha kufuta mikono.

Anashuka daktari wa mifugo, mama wa makamo aliyevaa buti za mpira, na kwenye mkono wa shati lake kuna kitu ambacho ni afadhali kisitajwe. Anaamkia. Koplo haitikii mpaka aulize swali lake kwanza.

"Nani alikufundisha kuegesha hivyo, daktari?"

"Nani anifundishe, mzee? Nikiitwa ng'ombe ameshindwa kuzaa, nianze kupiga rivasi?"

"Marahaba," anasema Koplo, na uso wake unafunguka.

Anampa usukani papo hapo. Yeye anasimama ubavuni, ameshika nguzo ya turubai. Jaribio la kwanza gia zinalia, mpaka jirani anachungulia juu ya ukuta kuona nani anachinjwa. La pili vilevile. Daktari anatoa neno ambalo wasomi hawalitumii hadharani.

"Usipigane naye," anasema Koplo. "Kanyaga. Toa. Achia, mpe nafasi apumue. Sasa kanyaga tena. Mpeleke taratibu."

Gia inaingia bila sauti. Ajuza anasogea, anavuka geti kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima, na anapotea kwenye kona. Koplo anabaki barabarani akisikiliza. Midomo yake inahesabu gia: ya pili, ya tatu. Mkewe amesimama nyuma yake na ungo wa mchele mpaka mlio unaporudi.

Daktari anashuka akicheka kama mtoto. Kisha anazunguka gari, anatazama madigadi, anatazama skrubu za dashibodi, na kicheko kinaisha taratibu.

"Siwezi kulichukua, mzee."

"Bei?"

"Hata bei hatujafika. Mimi niliambiwa kuna gari la jeshi kuukuu, nikasema hilo ndilo langu. Huko milimani ninakochanja mifugo pikapu haifiki. Lakini mimi nabeba mbuzi waliolowa. Nabeba madebe ya dawa. Juzi ndama nusura azaliwe kwenye kiti cha nyuma. Hili ni zuri mno. Nikilikwaruza siku ya kwanza, sitapata usingizi."

Mkewe anamtazama mumewe. Hasemi nilikwambia, lakini uso wake umeshasema. Hapa amepatikana dereva, na dereva anarudishwa na rangi ileile iliyowavuta wenye kutaka pambo. Koplo anashika kiuno. Kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaonekana mzee kweli.

Anageuka, anaingia gerejini akichechemea. Vyuma vinagongana huko ndani. Anatoka na nyundo.

"Mama, sogea kidogo."

Anapiga mara moja tu, kwenye madigadi ya mbele, pale panapong'aa kuliko pote. Mlio unaruka ukuta hadi ukuta. Ungo unamponyoka mkewe, na kazi yote ya asubuhi inamwagika mchangani. Rangi imebanduka, na chini yake kuna bonde la ukubwa wa kiganja.

"Umepatwa na nini wewe?" mkewe anapaza sauti.

Macho ya Koplo yamelowa na hayafichi.

"Hilo la kwanza nimelipiga mimi," anamwambia daktari. "Aliyelitengeneza amelibonyeza mwenyewe, kwa hiyo usimwogope tena. Yanayofuata ni yako."

Daktari anaweka kiganja chake kwenye lile bonde. Kisha anauliza bei, na bei inaelewana kabla chai haijapoa. Ni chini ya nusu ya ile ya hoteli. Mkewe anasikia kiasi hicho, kisha anakwenda kuongeza sukari kwenye kikombe cha mgeni.

"Limeniuma," anakiri baadaye, akiokota mchele. "Miaka tisa si mchezo. Lakini mwaka mzima mtu huyu alikuwa akiamka usiku kwenda kuligusa kama lina homa. Leo naona atalala."

Kuna nyongeza moja kwenye mapatano. Kwa kuwa kujifunza gia zile hakumalizwi kwa siku moja, daktari ameomba aende na mwalimu katika safari ya kwanza ya chanjo, wiki ijayo, siku tatu milimani. Mkewe ameshachagua blanketi la goti. Koplo amekubali, ila ana wasiwasi kidogo, maana katika maisha yake yote hajawahi kupanda gari kama lile bila kushika usukani.

"Hiyo njia ya milimani niliipita mara nyingi mno, sikuiona hata siku moja," anasema. "Macho yalikuwa barabarani. Wenzangu waliokaa upande wa pili walikuwa wanapiga kelele, tazama mto ule, tazama swala wale, na mimi nawaambia nyamazeni, kuna kona. Safari hii nakaa upande wa pili. Nataka nitazame."