Gari la Kaka na Wasindikizaji Wake

Naandika nikiwa bado na hasira na watu wa kwetu. Nikingoja ipoe nitaanza kuwatafutia sababu, na mimi nikishaanza kutafuta sababu usingizi hauji.

Kaka yangu alikuwa dereva wa meneja katika shamba moja la mkonge, mbele ya Pongwe. Siku moja gia ya gari ikagoma kwenye njia ya shambani, na meneja akamwambia mbele ya madereva wenzake kwamba yeye si dereva, ni mchunga mbuzi aliyepewa usukani. Akamfukuza palepale.  Kaka alirudi kwetu Mabawa, mjini Tanga, akajipatia gari kuukuu, akalifanya teksi, na habari ya yule meneja hakuizungumza tena. Mimi ndiye niliyekuwa naizungumza, kila siku, peke yangu, kichwani.

Shamba lile lilikuwa na siku yake ya michezo kila mwaka. Watu walivuta kamba, walikimbia na magunia, na mwisho magari yalishindana kwenye barabara iliyonyooka katikati ya mkonge. Magari mawili yanasimama sambamba, kitambaa kinaangushwa, na atakayetangulia kufika lango la kiwanda ndiye mshindi. Safari hii wakubwa wa shamba walikubali teksi ya kaka ipambane na gari la meneja, mwenyewe akiendesha. Walikubali ili wacheke, hilo tulilijua. Lakini meneja alikuwa anarudi kwao Ulaya kabla ya masika, na madereva wale wale waliosikia tusi wangekuwepo. Siku nyingine ya kumjibu haikuwepo.

Nilikuwa nimetoka chuo Kampala na shahada yangu ya hesabu na fizikia, nangoja kazi, sina la kufanya ila kuwaza. Nikamwambia kaka kwamba injini yake si mbaya, na njia yenyewe ni fupi. Ubaya uko nyuma. Kama teksi zote za Tanga, gari lake lilikuwa limeongezewa vyuma kwenye springi za nyuma ili libebe machungwa ya Muheza na magunia ya nazi bila kulala. Gari tupu lilisimama limeinua makalio, likiondoka kwa nguvu tairi za nyuma zinateleza, mwendo unaishia kwenye vumbi. Sisi tulitaka kinyume chake: linapoondoka pua ipande, uzito wote urudi nyuma uzikandamize tairi zile, zishike ardhi.

Tulifanya kazi hiyo uani kwetu, kaka akiwa chini ya gari na mimi nikiwa na vipande vya karatasi. Tulivitoa vile vyuma vya ziada. Lakini springi laini nayo ina balaa lake: ekseli, yaani mti wa chuma unaoshika magurudumu, inajipinda nguvu inapofika, na gurudumu linaanza kurukaruka badala ya kusukuma. Kwa hiyo tulizibana springi kwa vifungo vya chuma upande wa mbele wa ekseli, tukaziacha huru upande wa nyuma. Shokomzoba za mbele tulizipunguza mafuta ili pua isizuiwe kupanda. Kulia tulirudisha chuma kimoja kifupi, maana mzunguko wa injini hulinyanyua gurudumu la upande huo na kulifanya jepesi. Nilihesabu, nikafuta, nikahesabu tena, mpaka kaka akaniuliza kama gari litakwenda kwa petroli au kwa penseli.

Alfajiri moja tulilijaribu. Pua ilipanda, makalio yakakaa, na mgongo wangu ukabanwa kwenye kiti. Kaka alicheka kwa sauti. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu afukuzwe.

Nikawaambia watu wa nyumbani wote, mmoja mmoja: gari hili sasa halibebi mtu. Springi ni nyembamba na zimebanwa, na mzigo ukizilaza vibaya zitakatika. Nilimwambia shangazi, ndiye mkubwa wetu, akaitikia vizuri kabisa, "Nimesikia, baba."

Siku yenyewe nilipotoka nje nikamkuta shangazi kiti cha nyuma, upande wa kulia, kaupakata mtungi wa maji. Kando yake shemeji na majirani wawili. Mbele, mzee wa nyumba ya pili. Nyuma kwenye buti, sufuria la pilau limefungwa kwa kanga, na mikeka.

Nilimwamkia shangazi shikamoo kwanza, maana hata hasira ina utaratibu wake kwetu, kisha nikamwomba ashuke. Nikamweleza habari za springi upya.

"Huko Kampala walikufundisha kupima watu kama magunia?" akauliza, na gari zima likacheka. Halafu akaacha kucheka. "Ndugu yako anakwenda kushindana na watu. Aende peke yake, kama hana kwao?"

Nikamtazama kaka aseme. Gari ni lake, kazi ni yake, aibu ilikuwa yake. Kaka akanifungulia mlango, nami nikajibana pembeni ya shemeji.

Tulipokata njia ya shambani kuna mfereji unaovuka barabara. Kaka aliuvuka polepole mno, na bado nilisikia mlio kutoka chini, kama ubao unaovunjwa gotini. Shangazi alisema ni sufuria.

Haikuwa sufuria. Tulipofika watu wakashuka na mizigo yao, kaka akatambaa chini ya gari, akatoka akijifuta mikono. Chuma kikubwa cha springi ya kulia kilikuwa kimepata ufa. Nilimsihi ajitoe. Akasema hawezi kuwarudisha watu hawajaona kitu.

Kitambaa kilipoanguka, pua ya gari ilipanda vile vile nilivyoichora. Teksi ya kaka yangu ilitangulia. Niliona uso wa meneja ukibadilika, na madereva wakaanza kupiga kelele. Kisha springi ikakatika, gurudumu la kulia likaanza kurukaruka likitoa moshi, na gari likaenda upande, likaingia kwenye mkonge. Meneja alipita, akafika langoni, akarudi kwa miguu kulipigapiga boneti letu kama mtu anayempongeza punda.

Na watu wetu wakapiga vigelegele. Vigelegele! Shangazi alitandika mkeka kando ya barabara, akafunua sufuria, akawaita madereva wa shamba wale wale, nao wakaja, wakamwamkia, wakala. Kaka alikaa katikati yao akisimulia pua ilivyopanda. Sikutia tonge mdomoni. Hesabu zilikuwa sahihi. Zilivunjwa na mapaja ya shangazi yangu, na mwenye gari anacheka na wali mkononi.

Nikaondoka kwa miguu. Nilishafika kwenye mfereji niliposikia gari nyuma yangu likija taratibu, limelalia upande, kila shimo linagonga chuma kwa chuma. Walikuwa wamelifunga kwa kipande cha gogo na kamba ya mkonge. Likawa linakwenda mwendo wangu. Nikamwambia kaka, bila kugeuka, kwamba alijua springi itakatika.

"Nilijua," akasema.

"Sasa kwa nini uliwapakia?"

Aliuvuka mfereji kwanza, polepole, kisha akajibu.

"Siku waliyonifukuza nilipita hapa hapa kwa miguu, sina hata wa kunibebea koti. Wote wananitazama. Leo wamewaona watu wangu." Akasimamisha gari. "Panda. Wewe hutatoka hapa hivyo."

Shangazi akasogea kidogo, akapiga kiti kwa kiganja.

Nilipanda, kwa sababu jua lilikuwa kali.  Springi iligonga njia nzima mpaka Mabawa, chini kabisa ya mguu wangu, na kila ilipogonga nilijiambia tungeshinda. Tungeshinda.