Kaeni Hadi Muhogo Uishe

Korosho ukizichoma, moshi wake hauna adabu. Unaingia machoni, unakaba koo, unang'ang'ania kwenye khanga mpaka uifue mara mbili. Madale tulikuwaga tukichomea nyuma ya nyumba, kwenye bati bovu lenye matundu, mama kajifunga kitambaa puani kama jambazi, sie watoto tumekaa upande wa upepo tunamezea mate. Msiifikirie Madale hii ya maghorofa na mageti. Ilikuwa vilima na vichaka, na shamba la baba yangu, mzee Kondo, aliloachiwa na baba yake: mikorosho juu, muhogo katikati, mpunga chini bondeni. Mama akitoka huko bondeni tope limemkaukia mpaka kwenye nyusi, ukimwona jioni unaweza kukimbia. Makubwa hatukuwa nayo, ila njaa tulikuwa tunaisikia kwa watu.

Wakati huo ndo walipokuja Lukasi na mkewe Anastazia, Wamakonde kutoka kusini, pamoja na binti yao Tekla, rika langu. Lukasi alikuwa mchonga vinyago, mtu mpole, akiongea utadhani anaongea na gogo lake. Sauti ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe. Siku ya kwanza alisimama uani kwetu, mikono kiunoni: "Nzee Kondo, sie hatutaki makubwa. Kipande cha kupanda nhogo tu, ntoto asilie." Baba akacheka, akawapa. Akasema mbele ya majirani, kwa ile sauti yake ya kukohoa kwanza: "Khm! Limeni muhogo, limeni kunde, limeni mahindi, chochote mtakachovuna kikaisha. Mti msipande." Maana kwetu sie Wazaramo mti ni wa aliyeupanda, hata kama ardhi ni ya mwingine. Akifa, wanae wanaurithi. Leo anakuja kuchuma matunda, kesho anasafisha chini yake, keshokutwa anakuuliza wewe unapita hapa kwenda wapi. Lukasi akaitikia kwa kichwa. Anastazia hakuitikia, na mie nilimwona.

Tukakaa vizuri. Anastazia akamfundisha mama yangu kukausha muhogo, mama akamfundisha kupika kisamvu kwa tui zito. Mie na Tekla tukawa kama kope za jicho moja, tunalala mkeka mmoja mchana, tunagombana, tunapatana. Basi siku hiyo anakuja baba mdogo Shomari, mdogo wake baba, anatafuta mbuzi wake. Mbuzi hakumwona. Akaona miche mitatu ya mikorosho katikati ya muhogo wa Anastazia, imefika magotini, imepaliliwa vizuri, na miiba imezungushiwa isiliwe. Lo! Alikuja uani anaongea kwa pua, ndivyo alivyokuwa akikasirika: "Kaka! Kaka weee! Shamba limekwenda! Shamba la shangazi kule bondeni lilikwendaje? Si mgeni alipanda minazi, akafa, wanae wakaja na madai? Tunalo sasa hivi?" Hapo alikuwa anasema kweli. Lile la shangazi lilikwenda hivyohivyo, na shangazi alizeeka akilitazama kwa mbali.

Wakaitwa. Lukasi alikaa chini, kichwa ameinamisha, kikohozi kinamtingisha mabega. Anastazia hakukaa. "Nimepanda mie, yeye hajui. Kwetu kusini nkorosho ndo unaokuvisha, ndo unaokupeleka hospitali. Nhogo ni wa kula ukaisha. Nume wangu kifua chake mnakisikia. Akifa leo, huo nhogo utaninunulia sanda?" Hata baba mdogo pua ilimziba. Baba akajikuna ndevu weee, mpaka akasema: "Ng'oa, Anastazia. Ng'oa mwenyewe kwa mkono wako, yaishe, mkae." Akajibu: "Siwezi kung'oa, nzee." Baba akashusha pumzi. "Basi kaeni hadi muhogo uishe. Ukiisha, mtafute pengine." Watu wote wakasikia.

Msimu ule ulikuwa mgumu kuliko yote. Mwaka wowote sie tulitaka muhogo ukue haraka, safari hii mie na Tekla tukawa tunauombea uchelewe. Na haukuisha! Anastazia hakuwa mjinga. Alikuwa anafukua mzizi mmoja wa jioni hiyo, anafukia udongo, anauacha mti umesimama. Akilazimika kung'oa shina zima, palepale anakata vipande vya mti wake na kuvichomeka ardhini. Mvua inakuja, vinachipua. Mwaka ukapinduka, shamba bado la kijani, na miche ya mikorosho inanifika kifuani. Baba alikuwa akipita pale na jembe begani, anaangalia, anakohoa, khm, anaendelea na safari yake. Mama akimuuliza, anamjibu: "Si muhogo haujaisha?" na mdomo wake unacheza upande mmoja. Nilijua hataki waondoke. Nilijua pia hawezi kusema.

Baba akasafiri kwenda msibani Kisarawe. Asubuhi yake baba mdogo alikuja na vijana wa kukodi, wakaanzia juu mpaka chini. Waling'oa muhogo wote, uliokomaa na uliochipua juzi, wakaurundika uani kwetu kama kichuguu. Mama alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mti wa mkorosho hawakuugusa hata mmoja, maana kukata mti wa matunda wa mtu ni balaa lingine, hata baba mdogo aliliogopa. Muhogo uliokwisha kung'olewa haungoji. Siku mbili tatu umeshaingia weusi. Baba aliporudi alikuta ua mzima unanuka uchachu, na nduguye kasimama mlangoni na ile pua yake: "Kaka, umeisha. Neno ni lako, si langu."

Mie nilidhani baba atampiga. Alikaa kitandani na viatu vyake vya safari, akatazama ukuta. Alichosema alikisema mbele za watu, na watu walewale walikuwa nje wanasubiri. Neno lake hakulirudisha. Kina Anastazia wakaondoka kwenda Temeke kupanga chumba, Lukasi na zana zake kwenye gunia, Tekla hakugeuka hata nilipomwita. Anastazia ndo aligeuka, akamwambia mama yangu: "Dada, ule usiooza menya uanike. Usiache chakula kife." Kisha akajitwika mzigo wake. Lukasi hakumaliza mwaka, tulisikia. Sanda ilinunuliwa na nini, hatukusikia. Mikorosho yake ilizaa, na wa kwanza kukaa chini yake kubangua alikuwa baba mdogo.

Baba naye alifariki, tukamzika palepale shambani. Baba mdogo akafuata. Wanae, wale waliolindiwa shamba lisichukuliwe na mti wa Mmakonde, waliliuza lote kwa viwanja, na trekta halikuuliza mti wa nani. Mie naishi Boko kwa binti yangu, kisamvu nanunua kwa mama wa sokoni kilichokwisha kutwangwa, na Idi hii iliyopita nilikwenda kumzuru baba. Kaburi limo ndani ya ukuta wa mtu. Nikagonga geti. Mlinzi akachungulia: "Shikamoo bibi. Unamtafuta nani?"

"Marahaba. Baba yangu."

Akanitazama na mvi zangu hizi. "Anakaa hapa?"

"Ndo hapa hajahama."

Nikamwelekeza nyuma ya matangi ya maji. Akaingiwa na haya, kijana wa watu, akafungua geti nusu, akanipitisha ubavu. "Fanya haraka bibi, bosi akikukuta nafukuzwa mie." Nikapiga magoti pale kwenye saruji waliyoimwaga mpaka ukingoni mwa kaburi. Nilikuwa na mengi ya kumwambia mzee Kondo, lakini funguo zilikuwa zinalia mkononi mwa yule kijana nyuma yangu, basi nikasoma dua fupi, nikainuka.