Mvi Nilizomtia Mama

Usiku ule nililala nikiwa nimekaa, kichwa juu ya meza, na mama yangu akinitazama kutoka kwenye kioo cha kompyuta. Sikupanga kulala. Nilikuwa nimemaliza kazi moja tu siku nzima, na kazi hiyo ilinichosha kuliko harusi yoyote niliyowahi kuipiga.

Niseme kwanza ni kazi gani. Mimi ni mpiga picha wa kujitegemea hapa Dar es Salaam. Sina studio, nina begi. Wiki moja niko kwenye mahafali ya chekechea nawabembeleza watoto wasivue kofia, wiki nyingine nampigia dalali picha za nyumba iliyopakwa rangi ukuta mmoja tu, ule unaotazama barabara. Napiga sahani za pilau za migahawa mpaka pilau yenyewe inapoa, na hakuna anayenikaribisha hata kijiko. Jiji limenilea hivyo, kwa kazi za kubahatisha, na silalamiki sana. Lakini siku hizi kazi inayoniletea watu wengi kuliko zote ni ya kuunganisha marehemu.

Mtu anakuja na picha ndogo ya baba yake aliyefariki, pengine imetolewa kwenye kitambulisho, na picha yake mwenyewe ya siku ya kuhitimu. Anataka wasimame pamoja. Mzee wa kwenye kitambulisho ana kichwa na mabega tu, kwa hiyo namtafutia suti mtandaoni, nampa mikono na miguu ya mtu mwingine, namsogeza karibu na mwanawe, nalinganisha mwanga. Mwenye picha akiiona hulia. Nilishazoea kuwaona wakilia, nikajiona nafanya jambo jema.

Safari hii mteja alikuwa mdogo wangu, Mwanaidi. Alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Kaka, nataka mama awe mlangoni pa ukumbi," aliniambia. "Picha kubwa, amesimama na mimi. Mama mkwe wangu atakuwepo pale na kilemba chake na mashoga zake. Na mimi niwe na wangu."

Mama yetu alifariki Mwanaidi akiwa bado ananyonya, na mimi sijaanza shule. Aliugua muda mfupi tu, akaenda. Shangazi, dada yake baba, ndiye aliyetulea, kijijini kwake. Picha ya mama iko moja duniani, ndogo, nyeusi na nyeupe, aliyoipiga alipokuwa anatafuta kazi kwenye kiwanda cha nguo. Amesuka twende kilioni, mistari imenyooka mpaka kisogoni, na anatazama kamera kama mtu aliyeonywa asicheke. Hata miaka ishirini na tano alikuwa hajaifikisha.

Hapo ndipo palipokuwa na tabu. Mwanaidi ameshavuka thelathini. Nilipowasimamisha pamoja, yeye na shela lake na mama na uso wake wa ujana, mama alionekana kama msimamizi wa bibi harusi. Mwanaidi alitazama, akakunja uso.

"Huyu ni kama mdogo wangu, kaka. Watu watauliza mama yuko wapi. Mzeeshe kidogo. Mtie mvi."

Nikamzeesha. Mvi nilizitoa kwa bibi mmoja niliyempiga kwenye ubatizo wa mjukuu wake. Shingo ilikuwa ya shangazi. Mwili ulikuwa wa mama mmoja wa Kimara aliyevaa kitenge cha zambarau, mama aliyeshiba vizuri, na mikono yake nikaiacha kama ilivyo. Makunyanzi niliyachora mwenyewe pembeni mwa macho, kisha pembeni mwa mdomo, kwa subira kubwa. Nilipomaliza nilikuwa na mama mzuri wa bibi harusi, wa kupendeza mlangoni pa ukumbi wowote. Nilimtazama kwa muda, nikagundua kwamba nimemkasirikia. Sikujua kwa nini. Asubuhi picha ilitakiwa kwa mchapaji, basi nikainamisha kichwa nipumzishe macho.

Nikajikuta ukumbini. Ni mchana, jua linaingia kwenye madirisha yote, viti vimevishwa vitambaa vyeupe na havina watu isipokuwa safu ya nyuma. Wale wa nyuma nilikuwa nawafahamu. Ni marehemu wa wateja wangu, wametulia kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa zahanati, kila mmoja ndani ya nguo nilizomvika. Mzee mmoja, baba wa kijana aliyehitimu uhasibu, ameikamata suruali kiunoni isianguke. Aliponiona hakunigombeza.

"Kijana, suti hii ya nani?"

"Sijui, mzee wangu. Niliikuta mtandaoni."

"Basi mwenyewe anaitafuta," akasema, akaendelea kuishikilia.

Nilicheka kidogo, halafu nikaona haya. Nikapapasa begani nitafute kamera, haipo. Nikageuka kutafuta mlango, na mlangoni, pale pale Mwanaidi alipotaka picha ikae, anaingia mwanamke wa kitenge cha zambarau.

Kitenge nilikitambua kabla yake. Anatembea polepole, mkono mmoja kiunoni, anashika kiti hiki, anakiachia, anashika kinachofuata. Anakuja kwangu. Najua kwamba ni mama, na bado simwendei.

"Fara," ananiita.

Jina langu ni Faraji. Fara hakuna anayeniita, na mpaka dakika ile nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuwapo mtu aliyeniita hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe kiti. Magoti yananiuma."

Nampa kiti. Anajishusha kidogo kidogo, anaguna, anakaa. Tangu utotoni nilikuwa na mengi ya kumwambia mama siku nitakayomwona, nilishayapanga mpaka mpangilio wake, na yote yamenitoka kichwani. Nikabaki kumwambia kwamba Mwanaidi anaolewa.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nimekuja."

Anainua mikono yake, anaitazama viganja, anaigeuza. Ni mikono ya yule mama wa Kimara, na kwenye kidole kuna pete nene ya dhahabu ambayo sikukumbuka kuifuta. Anaizungusha ile pete kama mtu aliyepewa kitu cha jirani akishike.

"Mikono hii imefanya kazi gani, Fara?"

Nikatazama chini, na chini hapakuwa na sakafu ya ukumbi. Palikuwa na mchanga.

Tuko uani, kwenye nyumba tuliyokuwa tumepanga Tandika wakati ule. Nepi zimeanikwa kwenye kamba. Mama amekaa kwenye kigoda, bado na kitenge chake na mvi zake, na mkekani mbele yake yuko Mwanaidi, mtoto wa kutambaa, analia njaa. Mama anamnyooshea mikono. Mtoto anamwangalia. Anamkazia macho vile watoto wanavyomkazia macho mgeni, halafu anarudi nyuma, analia zaidi. Mama anamwita kwa jina. Anamwimbia. Mtoto anageuka, anatambaa kuelekea mlango wa chumba, anamtafuta mama yake huko ndani, na mama yake yuko hapa nje ameinua mikono.

Sijawahi kuona kitu kikaniuma vile. Nataka nikambebe nimlete, lakini mimi mwenyewe ni mdogo pale uani, nimeshika kopo la maji, na hakuna aliyeniruhusu kubeba mtoto.

"Umeona," mama anasema, bila kupandisha sauti. "Hanijui."

"Ni mvi tu, mama. Atazoea."

"Mvi hizi nilizipatia wapi?"

Ananitazama. Macho ni yale yale ya kwenye picha ndogo, hayo sikuyagusa.

"Kama nimefika uzee huu, basi nilikuwa hai mahali," akasema. "Nilikuwa nakula, nalala, nasikia mvua. Nikaacha kuja kwenu."

Hapo ndipo nilipoielewa hasira yangu. Nilikuwa nimemtazama yule mama mzee kwenye kompyuta, mwenye afya zake, na moyo wangu ukamuuliza: ulikuwa wapi siku zote hizi? Ulikuwa wapi Mwanaidi alipovunja ungo akajifungia chooni akidhani anakufa? Ulikuwa wapi nilipokuwa nalala njaa kwenye chumba cha Keko, nampigia shangazi simu kumwambia mjini mambo yananinyookea? Nilimtengenezea mama uzee, kisha nikamdai alikoutumia. Nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, maana udogo ulikuwa umeshaniacha tena, na mama akaniacha nilie mpaka nikatulia.

"Nivue," akasema.

Pembeni yake kuna ndoo ya maji na kipande cha kanga. Nakilowesha, nakikamua, naanza na paji la uso. Makunyanzi yanatoka kwa urahisi ulioniumiza, kazi ya siku nzima inaishia kwenye kitambaa. Mvi nazo zinaachia. Nafuta shingo, nafuta mabega, na kitenge kinaanza kumpwaya, anakikusanya kifuani kwa mkono mmoja. Pete inadondoka mchangani. Kila ninapofuta anapungua, nami nafuta polepole zaidi, kwa sababu naona anakoelekea.

Aliyebaki kwenye kigoda ni binti. Ana shingo nyembamba na vishikizo vya blauzi viwili havifanani. Nywele zake zimesukwa upya, ngozi ya kichwa bado inang'aa mafuta. Ningemkuta kituoni ningemwita mdogo wangu na kumwuliza anakwenda wapi peke yake. Umri wa mama nilikuwa naujua, ni hesabu tu, hata mtoto angeweza kuipiga. Lakini sikuwahi kujua kwamba aliyefariki siku ile alikuwa mdogo hivi, na kwamba alikuwa na haki ya kuogopa. Nilimhurumia mama yangu kwa mara ya kwanza. Miaka yote nilikuwa najihurumia mimi.

Kilio mkekani kinakatika. Mtoto amegeuka. Anamwona, na sasa anatambaa kwa pupa mpaka anajikwaa kwa mikono yake mwenyewe, anafika, anadandia goti. Mama anamwinua. Anamfunika kwa upande wa kitenge, nami nikasikia anavyomeza.

Sijui tulikaa vile kwa muda gani. Nilipotazama tena, mtoto hakuwapo tena mapajani pa mama, na kwenye mlango wa chumba alikuwa amesimama Mwanaidi wa leo, bibi harusi, hina mpaka viwiko. Mama akainuka haraka, kama mabinti wanavyoinuka mkubwa anapoingia. Wakatazamana. Mmoja ni mama, mwingine ndiye mkubwa, na hakuna kati yao aliyejua nani aanze kumwamkia mwenzake. Mama alikuwa na haya. Alivuta kitenge kifuani, akatazama shela, akatazama hina, akanigeukia mimi.

"Mwambie sikuwaacha," akasema. "Mwambie nilikufa."

Alisema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, kama anayenituma dukani na hataki nisahau nilichotumwa.

Nikaamka shingo imekakamaa na shavu limenata kwenye meza. Kulikuwa kumekucha, jua limejaa chumbani, na simu inaita. Alikuwa Mwanaidi.

"Kaka, mchapaji ananisumbua. Picha iko tayari?"

Niligusa kompyuta, kioo kikawaka. Yule mama wa zambarau alikuwa bado amesimama pale na mvi zake za kuazima. Nikamfuta, na mkono haukusita. Nikamrudisha mama wa picha ndogo, vile vile alivyo, asiyecheka, bega kwa bega na bibi harusi.

"Iko tayari," nikasema. "Ila mama anakuja na umri wake, Mwanaidi. Wewe ndiye mkubwa."

"Kaka, si tulishakubaliana?"

"Amenijia. Amenituma nikwambie hakutuacha. Alikufa."

Upande wa pili kulikuwa na wanawake wanaongea mambo ya hina na nguo za sare. Nikawasikia wananyamaza mmoja baada ya mwingine, bila shaka kwa walichokiona usoni mwake. Mdogo wangu alilia, na mimi nikakaa na simu sikioni nikamsubiri.

"Sasa nitamwamkiaje?" akauliza. "Mtu mdogo kuliko mimi?"

"Mwamkie tu. Ni mama."

Alisogeza simu mbali na mdomo, lakini nilimsikia.

"Shikamoo mama," alisema, taratibu sana. Katika maisha yake yote hakuwahi kumwamkia.