Aune Rintala, mfagiaji aliyefagia hadi mwanga wa picha

Saa kumi na mbili asubuhi, barafu imeifunga bandari ya Thunder Bay, nchini Kanada, na ziwa bado ni jeusi. Juu kabisa ya ghala la nafaka, Aune Rintala anasukuma fagio lake pana kando ya mkanda wa kubebea ngano. Barakoa imemfunika hadi chini ya macho. Vumbi linashuka nyuma yake kana kwamba halikumwona akipita, naye anageuka na kulifuata tena, bila kinyongo.

"Vumbi hili halina aibu," anasema, akiligonga fagio ukutani. "Ukilifukuza mlangoni linarudi dirishani. Lakini ukiliacha likajaa, cheche moja inatosha kuturusha sote hadi Marekani."

Ana miaka hamsini na nane, na magoti yanayotabiri theluji vizuri kuliko redio. Nyumbani ana kamera ya mitumba aliyoinunua kwa dola mia tatu, na hupiga picha za nyeusi na nyeupe tu. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umeuliza kwa nini theluji ni baridi.

"Nafanya kazi ndani ya ghala, ndugu yangu. Rangi nitazitoa wapi?"

Chini, kwenye korido ya ofisi, ukuta mzima umepambwa: meli, wakurugenzi, meli tena, wakurugenzi wakiwa ndani ya meli. Mfagiaji hata mmoja hayumo. Aune alilimeza hilo kwa miaka, hadi aliposikia kwamba Metro Hawryluk, mzee aliyemfundisha kazi, angestaafu mwisho wa msimu wa meli uliopita.

Akaapa kwamba kabla Metro hajakabidhi fagio, sura yake itatundikwa mahali watu wanapopita. Mahali penyewe ni ukumbi wa maktaba ya mji, kwenye maonyesho ya kila mwaka ya klabu ya wapiga picha. Nafasi ni chache, na mlango wa kuingilia ni mmoja: kikao cha kukosoana.

Kikao hicho hufanyika kila mwezi katika chumba cha chini cha kanisa. Picha huwekwa kwenye rafu bila jina, na watu husema wanachokiona. Mwenye picha haruhusiwi kufungua mdomo hadi wamalize. Akijitetea, anaosha vikombe vya kahawa vya wote.

"Nilipojiunga nilidhani nimeajiriwa kuosha vikombe," Aune anasema.

Aune alimpiga Metro picha mwezi wa kumi, kwa ruhusa ya msimamizi, mitambo ikiwa imezimwa. Mzee ameegemea fagio, mwanga wa dirishani unamwangukia begani. Nyumbani Aune akaifungua kwenye kompyuta, akaitoa rangi, na hapo ndipo alipoyaona: madoa meupe, picha nzima. Mkono wa mfagiaji ukawasha. Wiki nzima, kila akitoka kazini, alifuta doa moja baada ya jingine, hadi picha ikang'aa kama sakafu inayosubiri wakaguzi.

Kikaoni aliketi nyuma, kavimba kwa fahari. Delphine Moonias, mtengeneza nywele aliyestaafu lakini ulimi wake bado uko kazini, akasimama mbele ya picha ile. Akainamisha kichwa kulia, kisha kushoto.

"Huyu bwana yuko wapi?" akauliza. "Maana ghalani hayupo. Anaonekana anapigwa picha ya pasipoti."

Watu wakacheka.

"Dirisha lile pale, jeupe. Bega lile pale, jeupe. Katikati hakuna kitu. Mwanga ulitoka dirishani ukafika begani kwa nini, kwa basi?" Akasogea karibu zaidi. "Na kidevu hiki! Mzee mzima ana kidevu cha mtoto mchanga. Jamani, nani kamnyoa?"

Aune akashindwa kuvumilia. "Lilikuwa vumbi!" akafoka kutoka nyuma. "Vumbi haliachwi! Ghala linalipuka!"

"Ahaa," Delphine akasema, wala hakugeuka. "Vikombe vimepata mwenyewe."

Lakini kwenye sinki alimfuata na taulo, akawa anavikausha.

"Mdogo wangu, sikusema picha ni mbaya. Ingekuwa mbaya ningekunywa kahawa yangu nikanyamaza. Hebu niambie, jua likiingia ghalani unaona nini?"

"Naona mstari wa mwanga, kutoka dirishani hadi chini."

"Unauona kwa sababu ya nini?"

Aune akakiacha kikombe majini. "Kwa sababu ya vumbi."

"Haya. Umefagia vumbi, ukafagia na mwanga. Na zile nyeupe za kidevuni zilikuwa ndevu, bibie. Umemnyoa mzee wa watu bila sabuni."

Metro alipohadithiwa kesho yake alicheka hadi akakaa chini.

"Mke wangu ananibembeleza kunyoa kila siku, kumbe kinyozi yuko zamu yangu! Zirudishe, bosi. Ndevu zile nimezifuga kwa jasho."

Bahati nzuri picha ya awali Aune alikuwa ameihifadhi. Akaanza upya, na safari hii kazi ilikuwa kuacha. "Mkono ukitaka kufuta, naukalia," anasema. Aliutia ukuta weusi hadi mstari wa mwanga ukasimama wenyewe, vumbi likielea ndani yake. Uso aliuangaza kidogo tu, mikunjo ikabaki yote. Doa alilofuta ni moja, karibu na sikio. "Hilo lilikuwa uchafu wa lenzi. Tunajuana nalo."

Kikao kilichofuata, picha ikarudi kwenye rafu. Delphine alisimama mbele ya rafu muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Kona ya juu kulia bado nzito, weusi umemeza ngazi. Ifungue kidogo," akasema. Kisha akaenda kuketi. "Mengine sina."

Wanaomfahamu Delphine wanasema hapo alikuwa amepiga vigelegele. Aune alijiuma mdomo hadi alama ikabaki, lakini hakutoa sauti. Kona aliifungua, na picha ikapita.

Metro alikuja maktaba na mkewe wiki ile ile ya mwisho wake kazini, kavaa koti la harusi. Alisimama mbele ya ukuta.

"Pua hii ni yangu kweli?"

"Ndiyo hiyo hiyo," mkewe akajibu. "Mimi naiona kila siku."

Mzee akacheka, kisha akasogea karibu na picha. "Nilidhani kule juu tunakula vumbi tu," akasema. "Sikujua tulikuwa tunapendeza."

Meli zikirudi, Aune anataka kuwapiga picha wafagiaji wote wa bandari, kisha aivamie korido ya ofisi. Msimamizi ameshamnong'oneza kwamba kuna misumari miwili haina mkurugenzi.

Na yeye Aune nani atampiga? Metro kajitolea. Amenunua kamera, amejiunga na klabu, na picha yake ya kwanza ya Aune iko tayari: fagio limetoka vizuri sana, Aune kakatwa shingoni.

"Kikao kijacho anaileta," Aune anasema, na macho juu ya barakoa yanacheka. "Atakaa nyuma, mdomo kafunga, na mimi nitasimama mbele. Nampenda sana mzee yule. Ndiyo maana nitasema yote."