Mwaka Tulipouzibia Upepo Mlango

Nailoni ya kitalu inayopigwa na upepo haina sauti moja. Asubuhi, upepo ukiwa bado mpole, inanong'ona kama mtu anayepepeta uwele nyuma ya nyumba. Jua likipanda inaanza kupiga makofi, na mchana inafoka kiasi kwamba mkitaka kuzungumza ndani yake lazima mkutanishe vichwa. Nimeishi na sauti hiyo tangu nikiwa darasa la tano, na hata leo nikilala mahali pasipo na upepo nahisi kama kuna mtu ameondoka nyumbani bila kuaga. Kwetu Mungaa upepo si habari ya kusimulia mtu. Kiangazi kizima unavuma, unaingiza mchanga kwenye ugali, unavua wazee kofia, unaangusha nguo kwenye kamba na kuzipeleka kwa jirani ambaye anazirudisha jioni bila hata kuuliza ni za nani. Mgeni akifika Singida miezi hiyo huuliza kama kuna dhoruba inakuja. Sisi tunamshangaa, tunamkaribisha ndani, tunafunga dirisha.

Mwaka huo Mama alirudi kutoka kwenye mafunzo ya wakulima pale kata akiwa na wazo ambalo halikumwacha alale. Alitaka tulime nyanya ndani ya kitalu, nyumba ya nailoni. Aliona mwenyewe, kila mwaka mvua zikishika, nyanya za mashamba ya wazi zinaoza zikiwa bado kwenye mche, na sokoni mjini watu wanagombania zile chache zilizobaki. Mwenye nyanya wakati huo, alisema, atauza akiwa amekaa. Baba alikuwa mtu wa alizeti na uwele, na zaidi ya yote alikuwa mtu wa maksai wake wawili, Kamanda na Bahati, waliokuwa wakivuta plau yetu tangu nijue kutembea. Alimsikiliza Mama mwezi mzima. Halafu siku moja akawaswaga maksai kwenda mnadani, akarudi peke yake na kamba zao begani, na jioni hiyo hakula. Alimuuzia mzee mmoja wa Issuna. Fedha yote ikaenda kwenye nailoni, tangi, mipira ya kumwagilia kwa matone na mbegu za ile nyanya ndefu inayopanda kwenye kamba. Hata mimi mtoto nilielewa tulipokuwa tumejiweka. Nyanya zikiiva mvua zinapoanza, tungeuza na kukodi ng'ombe wa kulima. Zisipoiva, mvua zingenyesha juu ya mashamba yetu yakiwa magumu vilevile, na mwaka mzima tungekula kwa kuangalia mikono ya watu.

Bwana shamba wa kata, kijana mpole mwenye pikipiki, alikuja kutuchorea ramani chini kwa kijiti. Alisema pande mbili za nyumba zisizibwe kwa nailoni hadi chini. Kuanzia usawa wa kiuno kushuka chini ziwekwe wavu, ili hewa ipite. Baba aliitikia kwa kichwa kwa adabu kubwa, akamshukuru, akamfungia jogoo wa kuondoka naye. Pikipiki ilipopotea tu akatwambia kwamba kijana ni mzuri lakini ametoka mikoa ya milimani, huko upepo wao ni wa kupoza chai. Ukimwachia upepo wa Mungaa tundu, alisema, kesho utaifuata nailoni yako Manyoni. Hakuna mtu kijijini ambaye hangesema vivyo hivyo. Kwetu hata banda la kuku linajengwa likiupa upepo mgongo. Basi Baba akaziba. Akashusha nailoni pande zote hadi ardhini, akaifukia kwenye mtaro, akaikandamiza kwa mawe makubwa, na mlango akauwekea mapazia mawili, moja nyuma ya jingine. Wanaume walikuja kuizunguka ile nyumba, wakaipiga kwa viganja, wakaivuta pembeni waone kama italegea. Haikulegea. Walimsifu Baba mpaka akaanza tena kula vizuri. Mama aliyakumbuka maneno ya bwana shamba, lakini maksai waliouzwa walikuwa wa Baba, na aliona aibu kumfundisha mtu namna ya kulinda kitu alichokilipia namna ile.

Ndani mlikuwa na dunia nyingine. Nje kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi, hata mbuzi. Ndani mlikuwa kijani kiasi cha kuumiza macho. Joto lilikupokea mlangoni likakukumbatia, na ukigusa jani la nyanya mkono wako ulinuka ile harufu chungu isiyotoka hata kwa sabuni, harufu ambayo wenzangu shuleni walinitania nayo na mimi nikajidai sijali, ingawa kwa kweli niliipenda. Kazi yangu baada ya shule ilikuwa kujaza tangi kwa ndoo na kuviringisha vichipukizi kwenye kamba vielekee juu. Miche ilinipita kimo. Kisha ikatoa maua, vishada vya manjano vidogo, na Mama akawa anaimba kwa Kinyaturu akipita katikati ya matuta, jambo alilolifanya akiwa na furaha tu. Wimbo huo ulikatika ghafla. Siku moja tulikuta maua yamedondoka chini ya miche, makavu, kama mtu amepita akiyakwanyua. Yakachanua mengine, nayo yakadondoka. Hapakuwa na mdudu wala ugonjwa wa majani. Miche ilikuwa na afya ya kutamanisha, mirefu, minene, na haikuwa na nyanya hata moja.

Hapo ndipo alipoingia Mjomba Ramadhani, mdogo wake Mama, ambaye kwenye ukoo wetu hakuna tatizo alilowahi kukosa dawa yake. Mjomba alikuwa mrina asali, na mrina asali akiona ua linadondoka anafikiri jambo moja tu. Alituambia kwa huruma, kama mtu anayezungumza na wagonjwa, kwamba maua yetu yanakufa kwa kukosa nyuki, na kwamba nyuki anao. Alfajiri moja akaja na mzinga mdogo wa gogo umefungwa kwa gunia, akauweka katikati ya matuta, akaufungua, akatoka akijifuta mikono. Kulipokuwa bado na baridi mambo yalikuwa shwari. Jua lilipopanda, ile nyumba isiyo na tundu ikageuka chungu chenye kifuniko, na nyuki, ambao hawakuwa wamezoea kufungiwa, walianza kujigonga kwenye nailoni juu wakitafuta mbingu. Mjomba aliingia kuwatuliza. Tulisikia akiwabembeleza kwa upole, kisha akiwabembeleza kwa haraka, kisha akatoka na mapazia yote mawili shingoni na uso ambao dada yake mwenyewe aliutazama mara mbili kabla ya kuutambua. Baba alikaa chini akacheka hadi machozi. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu auze maksai. Mzinga tulikuja kuutoa baridi iliporudi, nyuki wengi wakiwa wamekufa kwa joto, na maua yaliendelea kudondoka.

Baada ya hapo Baba aliacha kuingia kitaluni. Alikuwa akiamka, anakwenda kusimama kwenye zizi tupu, anarudi. Mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kuonekana upande wa mashariki, yale mepesi yasiyo na mvua, lakini kila mkulima alikuwa ameshaanza kunoa jembe la plau yake. Mtu mmoja alimuuliza Baba njiani mwaka huu atalima na nani, na Baba alivyojibu aliona haya mpaka mimi niliyekuwa nyuma yake nikaona haya. Ndipo siku moja upepo, ambao ulikuwa ukiizunguka ile nyumba kiangazi chote ukitafuta pa kuingilia, ukapata. Nailoni ilichanika kwenye kona ya nyuma, mpasuko wa urefu wa mkono. Baba akaondoka mbio kutafuta sindano ya magunia na uzi, akatuachia amri kwamba tuzibe kwa miili yetu ikibidi. Mimi na Mama tulisimama pale kwenye kona upepo ukitupiga usoni. Sindano haikupatikana kijijini, Baba akawa anaitafuta siku kadhaa vijiji vya jirani, kwa hiyo tulikuwa tukiziba kwa gunia, gunia linang'oka, tunaziba tena. Asubuhi moja Mama akainama kurudishia gunia, akabaki ameinama. Nilidhani ameumia mgongo. Aliniita kwa mkono. Kwenye miche minne mitano iliyokuwa karibu na mpasuko, maua yalikuwa yamenyauka kama mengine, lakini hayakudondoka. Nyuma ya kila ua kulikuwa na kidude cha kijani, kidogo kama punje ya mtama.

Baba alirudi na sindano siku hiyohiyo. Mama alikuwa amekaa chini mbele ya mpasuko, ameuziba kwa mgongo wake, na hakuinuka kumpokea.

"Usishone, Baba Zuhura," alisema, akimwita kwa jina langu kama kawaida.

"Nisishone? Upepo wote utaingia humu."

"Ndicho ninachotaka, uingie. Njoo uangalie mwenyewe."

Baba aliangalia. Alipiga magoti, akavigusa vile vidude kimoja kimoja kwa ncha ya kidole, kisha akatazama matuta mengine yote ambako chini palikuwa pa manjano kwa maua yaliyokufa. Niliona ameelewa, na niliona pia kwamba kuelewa hakukumsaidia. Mama alimweleza kwa sauti ya chini kwamba sisi tumeyafungia maua mahali pasipo na kitu cha kuyatikisa yamwage unga wake, kwamba kijana yule wa pikipiki alisema, kwamba afadhali tufungue leo wakati bado kuna maua ya kuokoa. Baba alisimama ameshika sindano.

"Mama Zuhura, hii si nailoni. Hawa ni ng'ombe wangu wamesimama hapa. Ukiufungulia upepo ukaichukua, sina kingine cha kuuza."

Mama alikwenda upande unaotazama upepo, akatoa jiwe la kwanza, akalitoa la pili, akaanza kufukua nailoni kwa mikono. Nilimsaidia kuikunja hadi usawa wa kiuno na kuifunga kwa kamba za katani. Upepo ukaingia, na sitasahau nilivyoogopa. Nyumba nzima ilivimba kama tumbo la ng'ombe aliyekula mtama mbichi. Nguzo zililia, paa likainuka likavuta misumari, na Baba akaikumbatia nguzo ya katikati kwa mikono yote miwili kana kwamba angeweza kuizuia isiruke. Mama, nywele zimejaa vumbi, alimwambia neno moja ambalo nililisikia vizuri kwa sababu alilisema karibu na sikio lake. "Umeshaingia. Upe na pa kutokea."

Baba aliitazama ile nguzo. Aliachia mkono mmoja, kisha wa pili. Aliiweka sindano mfukoni, akavuka matuta hadi upande wa pili, akapiga magoti, akaanza kuyatupa mawe yake mwenyewe, yale aliyosifiwa nayo kijiji kizima. Alipoikunja nailoni upande ule upepo ulipita katikati yetu ukatoka, na nyumba ikashusha pumzi, ikatulia. Miche yote, tuta kwa tuta, ilikuwa inatikisika kwenye kamba zake.

Bwana shamba alipokuja hakumcheka mtu. Alitufundisha kuongezea kwa kugonga kamba taratibu kwa kijiti kila asubuhi, akatutafutia wavu. Nyanya zilifunga vishada kwa vishada, na mvua zilipoanza kuharibu mashamba ya wazi, zetu zilikuwa zinageuka nyekundu zikiwa kavu kabisa. Wachuuzi wa mjini walikuja wenyewe hadi mlangoni, wakiwa wameshika makreti kichwani kujikinga na mvua. Kwa mavuno ya kwanza Baba alikwenda Issuna kukodi ng'ombe, na mzee aliyewanunua Kamanda na Bahati akamkodishia hao hao. Walifika kwetu wakiongozwa na kijana asiyewajua tabia, wanavutana, hawataki kufuata mstari wa plau. Baba alimwomba kijana apumzike kidogo, akasimama nyuma yao, akawaita. Waliinua masikio. Siku hiyo walilima hadi jua likazama, na Baba alirudi nyumbani amelowa, amechoka, anaongea bila kukoma kama mtu aliyerudi kutoka harusini. Sikuwahi kumsikia akisema kwamba aliwauza bure.

Leo nina vitalu vyangu vitatu Mwankoko, pembeni mwa mji. Vina nguzo za chuma na mapazia ya pembeni yanayopandishwa kwa mkono wa kuzungusha, na simu inaniambia tangu usiku kama kesho upepo utakuwa mkali. Vijana wanaokuja kujifunza kwangu wanafungua pande zote mbili asubuhi bila kufikiri, huku wakisimuliana mambo ya mpira, na nikiwaambia kwamba kuna mwaka watu wenye akili timamu waliziba kila tundu, wanacheka kwa heshima wakidhani natia chumvi. Siwalaumu. Mambo yamekuwa mepesi, na nafurahi yamekuwa mepesi. Ndicho tulichokihangaikia. Mavuno yangu ya msimu mmoja yanaipita ile nyumba ya Mungaa kwa mbali, na mkopo wa benki hauniumizi kama lile zizi tupu lilivyomuumiza Baba.

Lakini kuna kipimo kimoja ambacho bado sijakifikia. Nina watoto wawili, na mkubwa sasa ana umri niliokuwa nao mwaka ule. Mimi nilimwona baba yangu, mtu mzima, aliyeogopa kwa haki, akiachia nguzo mbele ya mkewe na mtoto wake, na kwenda kutoa kwa mikono yake mawe aliyoyaweka kwa mikono yake. Hakuna somo la kilimo lililonisaidia kuliko hilo, si shambani tu, hata katika ndoa yangu. Wanangu wameniona nikivuna, wameniona nikiamuru, wameniona nikisifiwa. Sina hakika kama wameshaniona nikikosea waziwazi na kukubali namna ile. Bado ni wadogo, na mimi bado nina muda.