Mama Rudi

Juzi nilimwona mpwa wangu akijifunza kuandika programu, kompyuta ikirudia jina lake, nikakumbuka alasiri moja kule Siyu. Mama alikuwa amepelekwa hospitali mjini Amu kwa boti. Mwalimu wetu, mgeni kutoka bara, alikuwa akitufundisha amri ya kurudia.

"Kompyuta haichoki," alituambia.

Darasa lilinuka vumbi na plastiki iliyopata moto. Niliiamuru kompyuta iandike "Mama rudi" bila kukoma. Maneno yakateremka kiooni, nami nikaamini kila mstari unamfikia.

Shangazi aliingia macho mekundu.

"Zima, mwanangu. Mamako metangulia."

Nilidhani amenitangulia nyumbani. Nilikimbia nikicheka, nikamwita tangu mlangoni. Ndani walijaa wanawake, na hakuna aliyeitika.