Mwanamke wa Mwezi wa Tatu

Baba alifanya kazi katika kiwanda cha uchapishaji Industrial Area, na kalenda zilizoharibika zilikuja kupamba sebule yetu katika mtaa wa Tena. Mwaka mmoja alileta ya Kihindi. Kila mwezi ulikuwa na picha ndogo ya kale, na kila picha, baba alisema, ilikuwa wimbo uliochorwa: huu wa alfajiri, huu wa mvua, huu wa kumlilia mpenzi. Tajiri wake, Mhindi, ndiye aliyemweleza, naye akatusimulia kwa madaha kana kwamba amezaliwa huko.

"Na huyu mbona ako bluu?" kaka yangu aliuliza. "Alikunywa wino?"

Akala konzi.

Mama alimpenda mwanamke wa mwezi wa tatu, aliyesimama peke yake porini na zeze lake, swala wamemzunguka wakisikiliza. Mwezi wa nne ukaja, wa tano ukaja, ukurasa haukufunuliwa. Tarehe tukawa tunauliza kwa jirani.

Sababu tuliijua. Mama alikuwa akiongoza nyimbo za kwaya kanisani mpaka mwenyekiti wa akina mama, ambaye mwenyewe aliimba kama mlango usiotiwa mafuta, aliposema kwamba sauti ya Mama inawasumbua wanaume. Akaondolewa. Tangu hapo hakuimba hata akifua nguo. Nilimchukia mwenyekiti yule kwa moyo wangu wote. Kila Jumapili nilimwombea aharishe, macho nimeyafumba kwa adabu.

Kisha zamu ya maombi ya nyumbani ikatufikia. Mwenyekiti alikunywa chai yetu, akamaliza mandazi, ndipo akainua macho ukutani.

"Dada, hilo ni shetani. Literemshe tulichome."

Wenzake wakaguna "Amina" huku wakinyoosha shingo wamwone shetani vizuri. Baba akajifanya anatafuta kiatu.

Mama aliinuka. Nikajua anakwenda kuiteremsha, na machozi yakanijaa. Lakini alisimama tu chini ya picha.

"Mama mwenyekiti, huyu si shetani. Huyu anaimba. Labda kwaya yao ilimfukuza."

Papo hapo akaanzisha wimbo wa kufunga maombi, bila kuombwa. Ubeti wa kwanza aliuimba peke yake, kwa sauti ileile ya kusumbua wanaume. Kwenye kiitikio wamama wakaingia mmoja mmoja, bila kumtazama mwenyekiti.

Nilipogeuka, watoto wa majirani walikuwa wamejazana mlangoni wakisikiliza, na wa mwenyekiti walikuwa mbele.